UZI: Kufunga oili kuula ya maji kwenye Forester isiyo na tabo ili oili iwahi kupata moto

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima zenu. Naandika hili kwa wenzangu wa Njombe, Makete, Mafinga, Mbeya, na ndugu zetu wa Limuru na Nyahururu, yaani sisi ambao mwezi wa sita na wa saba ukitoka asubuhi kioo kina ukungu nje na ndani na mkono hautaki kushika usukani. Wa Dar, Tanga na Mombasa karibuni msome lakini kwenu oili inaamka ikiwa na nyuzi 20 hivi tayari, presha yenu si kubwa kihivyo.

Shida iko hapa. Ile geji ya dashibodi inapima joto la MAJI. Mshale ukifika pale pake sisi tunasema injini imepata moto, tunakanyaga. Lakini oili iko chini kwenye sampu (lile karai la oili chini ya injini), sampu ni bati jembamba linalopigwa upepo wa baridi njia nzima, na hakuna mtu aliyeipelekea joto zaidi ya lile inalookota ikipita kwenye pistoni na beringi. Kwenye gari langu asubuhi za baridi maji yanafika 80 huku oili bado iko arobaini na kitu, na kama safari ni nyumbani mpaka kazini kilomita nne basi unazima gari oili haijawahi kuwa ya moto siku nzima, jioni unarudi vilevile, na mwaka mzima unakwenda hivyo.

Sasa kwa nini ujali. Kwanza uzito. Oili ya 5W-30 kwenye nyuzi 40 ni nzito karibu mara sita kuliko ikiwa nyuzi 100, na 20W-50 ambayo gereji nyingi zinatumiminia ndio balaa zaidi, asubuhi ya huku inashuka kwenye kijiti kama asali. Injini inatumia mafuta mengi kuisukuma tu hiyo oili. Pili maji. Watu wengi hawajui kwamba ukichoma lita moja ya petroli inazaliwa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Mengi yanatokea ekzosi, ndio yale matone unayaona asubuhi, ila kiasi fulani kinapenya kwenye ringi za pistoni kinashuka kwenye sampu, na sampu ikiwa baridi kinapoa na kuwa maji humo humo pamoja na petroli mbichi kidogo. Fungua mfuniko wa kujazia oili uangalie kwa ndani, ukikuta utando wa rangi ya maziwa ya kahawa na kulanti (maji ya dawa ya rejeta) haipungui, mara nyingi sio gasketi ya silinda hedi imeungua, ni oili isiyopata moto wa kutosha kuyafukuza hayo maji.

Dawa ambayo viwanda vimeitumia miaka mingi ni kikopo kimoja kidogo cha duara kinachokaa kati ya bloku na filta ya oili. Ndani kina sahani nyembamba nyembamba zimepangwa, oili inapita huku, maji ya injini yanapita kule, hazigusani ila joto linavuka. Volkswagen waliweka kwenye dizeli zao za TDI 1.9, Subaru wakaweka kwenye injini za tabo. Jina lake ni oili kuula kwa hiyo watu wanadhani kazi yake ni kupooza tu, kumbe asubuhi maji yanawahi kupata moto kuliko oili kwa hiyo joto linatoka kwenye maji linaingia kwenye oili. Ukishapanda mlima na mzigo mambo yanageuka, oili inakuwa ya moto kuliko maji na joto linarudi kwenye maji linakwenda kutupwa kwenye rejeta. Kifaa kimoja, kazi mbili, na hakina hata waya wa umeme.

Mimi nina Forester SG5 ya injini ya EJ20 isiyo na tabo. Uzuri wa hizi injini ni kwamba pale filta inapokaa ni sawa na za tabo, kwa hiyo kuula ya tabo inakaa pale pale bila kuchonga kitu. Unachohitaji ni kikopo chenyewe, ile bolti ndefu yenye tundu katikati (ya kwako ni fupi haitafika), oringi mpya, mpira wa maji na klipu nzuri. Nimenunua vya kutoka Japani vilivyotumika. Oringi usitumie ya mpira wa kawaida wa kuokota kwenye boksi la fundi, tafuta ya Viton, inavumilia oili ya moto.

Kitu ambacho ndio moyo wa kazi nzima: MAJI UNAYATOA WAPI. Nimeona mtu kakata mpira mkubwa wa rejeta akachomeka tii (kiungo cha njia tatu) pale. Hapo hujafanya kitu kwa asubuhi, kwa sababu thamostati (valvu inayofungua njia ya rejeta maji yakishapata moto) ikiwa imefunga, maji ya rejeta hayatembei, yanatembea yale ya kwenye injini na ya mzunguko wa hita peke yake. Wewe unataka mzunguko wa hita. Mimi nimeweka kuula kwenye mpira unaoTOKA kwenye hita kurudi kwenye pampu, ili ndani ya gari tupate joto kwanza na oili ichukue linalobaki. Watoto wangu wanakwenda shule na hilo gari, siwezi kuwanyima hita.

Matokeo. Oili sasa inafuata maji kwa karibu, maji yakiwa 80 oili iko kwenye sitini, na nikifika kazini zimekaribiana. Napima kwa sensa niliyofunga kwenye nati ya kumwagia oili na geji yake ya pembeni, maana hizi Subaru za zamani ukichomeka kile kifaa cha OBD cha bluetooth (cha kusoma kompyuta ya gari) utaona joto la maji tu, la oili halipo. Hita imechelewa kidogo sana, mke wangu hajalalamika.

Maswali karibuni.

#2

Mkuu hongera kwa uzi ulioshiba. Mimi niko Mafinga nina Impreza, fundi alitoa thamostati tangu mwaka juzi akasema gari za huku hazihitaji, na kweli haijachemsha tena. Nikifunga hii kitu itanisaidia?

#3 (mwanzisha uzi)

Mkuu hapo usifunge kabisa kwanza. Bila thamostati maji yanazunguka mpaka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, baridi ya Mafinga inayapiga, yanabaki nyuzi hamsini huko. Ukiunganisha kuula maji hayo yatakwenda KUIPOOZA oili njia nzima, utakuwa umeongeza tatizo kwa hela yako mwenyewe.

Na nikueleze kwa nini mafundi wetu wanaitoa maana sio kwamba ni wajinga. Huku tulipo ni karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Thamostati ya Subaru inaanza kufungua kwenye 76 mpaka 80 na inafunguka yote kwenye 91. Unaona nafasi ilivyo ndogo? Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta, ule unabana presha karibu bar moja ndio maji yanavumilia mpaka mia na zaidi bila kuchemka. Sasa mfuniko ukichoka, spring imelegea, mpira wake umepasuka, gari inachemsha. Fundi anaona inachemsha, anatoa thamostati, maji yanapoa, mteja anafurahi, na mfuniko mbovu unabaki pale pale. Wewe anza na mfuniko mpya, rudisha thamostati, na kwa Subaru chukua ya kampuni yenyewe maana ziko chini upande wa maji yanayoingia kwenye pampu, nyingine za dukani kisahani chake ni kidogo hazipitishi maji ya kutosha. Halafu kulanti ya kweli, sio maji ya bomba. Hayo tu yatakubadilishia gari. Kuula ije baadaye.

#4

Vijana mmeongea vizuri, mimi ni fundi wa siku nyingi niko Mbeya, naomba niongeze kwa sababu hapa kuna kitu kinaweza kuwaulia injini.

Hiyo kuula ikitoboka kwa ndani, oili na maji vinachanganyika. Injini ikiwa inaunguruma presha ya oili ni bar 3, 4, 5, maji yana bar moja, kwa hiyo oili ndio inaingia kwenye maji, utaona mafuta yanaelea kwenye chupa ya akiba ya maji. Ukizima, oili inashuka sifuri lakini maji bado yana presha kwa sababu injini ni ya moto, sasa maji yanaingia kwenye oili. Mtu anapaki usiku, asubuhi anawasha, maji yako kwenye beringi. Kwisha kazi.

Kwa hiyo ukinunua iliyotumika ipime kabla haijagusa gari. Ziba tundu moja la maji, tundu la pili ingiza upepo wa kompresa, zamisha yote kwenye ndoo ya maji ya moto, usiwe na haraka, angalia mapovu upande wa oili. Ukiona povu hata moja tupa, msijidanganye kuchomelea. Na muulize muuzaji imetoka kwenye injini gani. Kama injini ilikufa kwa beringi USICHUKUE hata akikupa bure. Zile chenga za chuma zinajificha katikati ya sahani, utaosha na petroli, utaosha na dizeli, utapuliza, hazitoki zote, na siku oili ikipata moto ikawa nyepesi zinaachia zinakwenda moja kwa moja kwenye filta, na filta ikijaa valvu yake inafunguka inapitisha uchafu kwenda kwenye kranki.

Na hilo la maji ya bomba mwanzisha uzi kalipitia haraka. Njia za maji kwenye hiyo kuula ni nyembamba. Mnaojaza maji ya kisima mkifunga hii kitu itaziba kwa kutu na chokaa na hamtajua, maana gari itatembea tu kama kawaida.

#5 (mwanzisha uzi)

Mzee shikamoo, na asante sana, hili la chenga za chuma kila anayesoma alichukue kwa uzito. Naongezea la siku ya kuwasha mara ya kwanza: kuula inaingia tupu na filta iko tupu, msiwashe hivi hivi. Jaza oili kwenye filta kadiri inavyokubali, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata vipande vifupi vifupi mpaka taa ya oili izime, ndio urudishe fyuzi. Kisha pima kijiti, utaongeza oili kidogo. Toa hewa kwenye maji ukiwa umewasha hita mwisho kabisa, na siku chache za mwanzo kila asubuhi fungua macho kwenye chupa ya akiba na kijiti.

#6

Salamu kutoka Nyahururu, huku tuko mita 2,300 na baridi yake si mchezo. Niko na Toyota Probox ya injini ya 1NZ, kila asubuhi nabeba maziwa kutoka kwa wakulima, nasimama, nazima, nawasha, nasimama tena. Boss, hiyo kikopo inaweza ingia kwa Toyota? Na kuna jamaa ananiambia ukiiba joto ya maji injini itachelewa kuwa moto, sasa umefaidi nini?

#7 (mwanzisha uzi)

Ndugu yangu karibu sana, hilo swali la mwisho ndilo zuri zaidi kwenye uzi huu.

Jamaa yako hajakosea, joto ni lile lile, kuula haizalishi kitu. Ila tupige hesabu. Oili yako lita 4 ni kama kilo tatu na nusu. Kilo moja ya oili kuipandisha nyuzi moja inataka kama kilojuli 2. Kuipandisha yote nyuzi 60 ni kama kilojuli 420. Injini ikitembea taratibu ikimwaga tuseme kilowati 5 kwenye maji, hiyo ni kama dakika moja na nusu ya joto. Basi. Hiyo ndiyo bei unayolipa upande wa maji. Oili haichelewi kwa sababu inataka joto jingi, inachelewa kwa sababu joto halina njia ya kuifikia, na kuula ni hiyo njia. Toyota wenyewe waliliona hili la joto la asubuhi kuwa kubwa, Prius ya 2004 ya soko la Marekani ilikuwa na chupa kama lita tatu inayotunza maji ya moto ya injini ukizima ili kesho uwashe nayo, na Prius ya 2010 ikawa inavuna joto la ekzosi kupasha maji. Sisi hatufiki huko lakini wazo ni moja.

Kuingia kwa Toyota: usichukue ya Subaru. Nyuzi za skrubu za kukazia filta za Subaru ni milimita 20 kwa 1.5, za Toyota nyingi ndogo ni robo tatu ya inchi, nyuzi 16 kwa inchi, zinakaribiana kwa macho na mtu anaweza kulazimisha akaharibu bloku. Tafuta kuula iliyotoka kwenye Toyota yenye nyuzi hizo, weka kwanza bila mpira wa maji uangalie nafasi ya kuzungusha filta na ekzosi iko mbali kiasi gani. Halafu fuata mpira wa hita kwa mkono mpaka ukutani, kama kuna valvu njiani inayofunga ukiweka hita kwenye baridi, basi usiunganishe baada ya valvu maana ukifunga hita umefunga na kuula. Weka tii kabla ya valvu, maji yawe na njia mbili. Nawe kwa kazi yako ya simama zima washa, naona unafaidika kuliko sisi wote humu.

#8

Kaka habari. Mimi ni muuguzi, nina IST, naishi kama kilomita tatu kutoka hospitali hapa Njombe, huo utando wa rangi ya kahawa ninao na fundi ameniambia injini inafunguliwa, laki kadhaa. Nimesoma mpaka hapa nimeogopa. Hiyo kuula nifunge?

#9 (mwanzisha uzi)

Dada yangu usifungue injini bado. Angalia chupa ya akiba asubuhi gari ikiwa baridi, weka alama ya kalamu, angalia tena baada ya wiki. Kama maji hayashuki, kijiti cha oili hakina rangi ya maziwa na ekzosi haitoi moshi mweupe injini ikiwa ya moto, huo utando ni mvuke wa safari fupi. Mwambie akupimie presha ya mfumo wa maji kwanza, kile kipimo kinafungwa pale juu ya rejeta, kama inashika presha basi kuna uwezekano mkubwa gasketi yako ni nzima.

Kwa kilomita tatu kuula haitakutosha pia, maji yenyewe hayajapata moto unafika kazini, yatampa nani joto. Wewe hakikisha thamostati ipo (ya injini hiyo inaanza kufungua kwenye 80 mpaka 84), mara moja kwa wiki nenda mpaka Makambako au popote gari ikimbie zaidi ya nusu saa, na oili badilisha kwa miezi, usingoje kilomita zifike. Tumia 5W-30, mkatalie mtu wa 20W-50. Hela ya kuula nunulia kulanti na mfuniko.

#10

Wakuu nawasoma kutoka Edmonton, Kanada. Huku ikifika hasi 30 gari tunazichomeka kwenye umeme usiku, kuna hita ndogo ndani ya bloku inapasha maji. Nilidhani nikiwa na kuula oili nayo itapata moto usiku?

#11 (mwanzisha uzi)

Kiongozi hapana, au kidogo sana. Pampu ya maji haizunguki injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo maji ya moto yanabaki kule kwenye bloku na kuula iko chini imepoa. Itaanza kufanya kazi ukiwasha, na hapo utafaidi maana maji yanaanza yakiwa ya uvuguvugu tayari. Kwa oili yenyewe usiku tumia ile pedi ya umeme inayobandikwa chini ya sampu. Na huko kwenu tumia oili ya 0W, maana 5W inapimwa uwezo wa kuzungusha injini kwenye hasi 30, mko mpakani kabisa.

#12

Mkuu vipi kupanda mlima Kitonga na mzigo? Na hiyo filta si imeshuka chini zaidi? Barabara zetu unazijua.

#13 (mwanzisha uzi)

Kitonga ndipo nimeipenda zaidi. Zamani nikifika juu na familia na magunia oili inapita 120, sasa inabaki karibu na mia na geji ya maji haisogei. Ila lazima rejeta iwe nzima maana joto jingi la oili sasa linapitia kwake.

Filta ndiyo imeshuka, kama unene wa vidole viwili, na kwenye Subaru iko wazi chini. Nimefunga filta fupi, nikarudisha bati la kukinga chini ambalo gereji nyingi wanalitoa wakati wa sevisi wanalitupa pembeni, nikatoboa tundu la kupitisha mkono ili filta ifunguke bila kulishusha. Mipira ya maji nimeikwepesha na ekzosi na kuivisha ile soksi ya kuzuia joto pale inapopita karibu. Asiye na bati la chini na anakaa njia ya mawe, kama Makete kwa ndani huko, atafute bati kwanza ndio anunue kuula.